Kilemba Changu na Mlango wa Feri

Nyumba ya Mlango wa Bluu,
Nyuma ya Karakana ya Fundi Bodi,
S.L.P. 214.

Jumapili, tarehe 6 Julai.

Mdogo wangu mpendwa,

KITABU KINATOKA! Kitabu cha mwanetu kinatoka! Kimekubaliwa, kiko mtamboni kinachapwa sasa hivi ninavyokuandikia, na jina lake litakaa juu ya jalada kwa herufi kubwa kuliko hizi zangu! Yule yule uliyesema analala garini kama mtu aliyefukuzwa nyumba! Haya, sasa kaa kitako, kunywa maji, nikusalimu kama watu wenye adabu.

Hujambo mdogo wangu? Shemeji naye hajambo? Kifua chake kimepoa, au bado anakohoa huku akibishana na daktari? Wanangu wawili, yule mrefu na yule wa hesabu, wanaendeleaje na masomo? Mwambie yule mrefu asirefuke zaidi, suruali niliyomshonea haina pindo la kushusha tena.

Sisi huku hatujambo kabisa. Goti la mzee linamsumbua akikaa sana, akisimama sana pia, lakini akisikia mtu anachomelea chuma vibaya huko nje goti linapona hapo hapo anakimbia kwenda kumsahihisha. Mimi presha imeshuka. Nesi alinipima mara mbili kwa kutoamini. Nikamwambia, binti, hiyo ni dawa ya furaha, haiuzwi kwenye duka lenu.

Najua utasema, dada, kwa nini usipige simu? Nimepiga. Kila nikifika penye utamu unasema “mtandao, dada, mtandao,” halafu kimya. Habari hii haikatizwi. Nimeamua kuiandika yote, na uisome kwa sauti, shemeji asikie, maana naye alikuwa na maneno yake.

Tuanzie mwanzo. Unakumbuka Maswali, mwanetu huyu, alipoacha kazi ya ofisini akasema anataka kuzunguka visiwa vile vya mbali, vile ambavyo watu wa huku wanavijua kwa majina tu, aishi kila kimoja, aandike kitabu? Wewe ulilia kwenye simu. Mimi nililia bafuni. Mzee hakulia, alitoka tu, na jioni akarudi anavuta gari bovu kwa kamba. Lilikuwa gari la kusambazia mikate, limeoza milango, limetupwa nyuma ya kiwanda. Akasema, “Mtoto hawezi kwenda kulala kwenye hema. Nitamjengea nyumba yenye magurudumu.”

Na akaijenga! Nakwambia mdogo wangu, ungeiona. Kitanda kinachokunjwa kikawa benchi. Jiko dogo la gesi lenye kizuizi sufuria isiruke. Meza ya kuandikia iliyofungwa ukutani kwa bawaba. Mapazia nimeshona mimi, kwa ile bluu iliyobaki kwenye sare za shule, na godoro nimelivisha mimi. Gari tukaliita Mkate, kwa sababu injini ikipata moto, au mvua ikinyesha juu ya bati, linanukia mkate mpaka leo. Mzee amelisugua kwa kila aina ya sabuni, harufu haitoki. Mimi sitaki itoke.

Sasa kuna jambo moja la ujenzi ule inabidi ulijue, maana ndilo lililotaka kutuua. Paa la gari la mikate lilikuwa chini, ukiingia unainama. Mzee akasema atalipandisha, mtu asimame wima ndani. Akaniita mimi nikapimwe, kwa kuwa ndimi mrefu wa nyumba. Basi siku hiyo ndio kwanza natoka harusini, na kilemba changu kile cha zambarau, wewe unakijua, kile kinachosimama chenyewe. Mzee akaniambia nikivue. Nikamwambia sikivui, nimekifunga asubuhi nzima, pima hivyo hivyo. Akapima hivyo hivyo. Akaweka ubao juu ya kilemba, akatia alama ya chaki, akakata bati. Paa likatoka zuri, refu, la heshima. Nikiingia hata na kilemba nasimama kama niko sebuleni.

Maswali akaondoka nalo. Akazunguka visiwa sita, mwanangu, peke yake! Alikuwa akituletea picha na salamu. Kuna kisiwa chenye gari moja tu. Dereva wake alipoona Mkate unashuka alipiga honi kwa furaha, hakuwahi kupishana na mtu tangu aanze kazi. Kuna kingine kinyozi ananyoa watu gatini, na mashua ikifika katikati ya kunyoa anamwacha mteja nusu kichwa, anakwenda kupokea kamba. Nilikuwa nasimulia haya kwa wateja wangu mpaka wengine wakawa wanakuja bila kitambaa.

Lakini alivyorudi kupumzika nyumbani, hakuwa na raha. Amekonda, anakula kwa kuheshimu sahani tu. Nikamkalia mpaka akasema. Kumbe mchapishaji alisoma alichoandika akamwambia ni kizuri, ila bado hakina moyo, na kisiwa cha mwisho, kile cha mbali kabisa, hakimo. Bila kile hakuna kitabu, nafasi yake atapewa mwingine. Na feri ya kwenda kule ilikuwa inafanya safari moja tu zaidi, inakaa kule wiki moja, ikirudi inapelekwa kukarabatiwa hadi mwakani. “Na hata nikifika, mama,” akasema, “watu hawaniambii kitu. Nauliza, wananijibu ‘pazuri tu hapa, karibu.’ Visiwa sita nimejaza ‘pazuri tu hapa.’”

Nikamwambia, tunakwenda wote. Akaniangalia. Nikamwambia, usiniangalie, nishafunga begi. Mzee akacheka mpaka akashika goti. Sare za shule nikamwachia jirani amalizie vifungo, na safari ikaanza.

Mdogo wangu, mimi kukaa kiti cha mbele, mapazia yangu yanapepea nyuma, watu njiani wanageuka! Niliwapungia wote. Maswali akasema, “Mama, unawajua?” Nikamwambia hapana, lakini wao sasa wananijua.

Tukafika gatini asubuhi, mawingu meusi tii. Feri ile ni kuukuu, si kama zile za visiwa sita, ina mlango mmoja unaoshushwa chini kama ulimi, na juu ya mlango kuna chuma kinene kimekatiza. Ukishapita pale ndani ni wazi, hakuna paa. Magari madogo yakapita. Pikipiki zikapita. Maswali akasogeza Mkate taratibu, na yule mpanga magari akaanza kupiga kelele, “Rudi! Rudi! Unaning’olea feri!” Tukashuka kuangalia. Paa letu limezidi. Nami nikaona limezidi kwa kiasi gani. Lilizidi kwa kimo cha kilemba. Kilemba changu kile kile, hakipungui wala hakiongezeki!

Maswali hakunilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu. Alisimama tu anaangalia kile chuma. Nikamwambia, basi tuliache gari tuvuke kwa miguu. Akasema, “Mama, kule hakuna nyumba ya wageni wala chumba cha kupanga. Na kitabu kizima ni cha Mkate, kila kisiwa nimelala ndani yake. Kinaitwa *Nyumba Yangu Imepanda Feri*. Sasa niandike nini, nyumba yangu imekataliwa na feri?” Halafu akaenda kumbembeleza nahodha, na mvua ndiyo ikaanza.

Mvua ile haikunyesha, ilimwagwa. Na pale gatini hapana hata kibanda. Abiria waliokuwa wanasubiri kupanda wamesimama na mizigo yao, wamejifunika mifuko. Mimi niko ndani ya Mkate, pakavu, nanukia mkate, nawaona kupitia dirishani. Roho yangu haiwezi vitu hivyo, unanijua. Nikafungua mlango wa nyuma nikaita, “Nyie, mnaloa kwa faida ya nani? Ingieni! Ni nyumba ya mwanangu, ingieni!”

Wa kwanza kuingia alikuwa mkunga wa kile kisiwa, mama wa mwili wetu huu huu, mdogo wangu, tena yeye katuzidi. Nikampa kitanda. Akaja muuza ndoo na ndoo zake. Akaja mwalimu, akaja seremala na mkewe, akaja mzee mmoja na mwavuli uliogeuka ndani nje. Kila aliyeingia nilimwonyesha nyumba. Hili ni jiko, gusa. Hii meza inakunjwa, kunja uone. Hapa ndipo mwanangu anapoandikia, ni mwandishi, mwandishi kabisa, wa vitabu. “Mapazia haya?” Mimi. “Na paa hili?” Mume wangu, kwa kunipenda. Mkunga akasema, “Na hiki kitanda kinalia, dada.” Nikamwambia, “Hakilii, kinakusalimu.” Wakacheka, gari likatikisika. Wengine wakasikia kicheko nao wakaja. Tulijaa mle mpaka muuza ndoo akaketi juu ya ndoo, na mwalimu juu ya begi langu, na begi lina sabuni.

Huku nje, Maswali ameloa chapachapa, anamwomba nahodha. Nahodha anatikisa kichwa. Halafu akaacha kutikisa. Akasema, “Wewe binti, gari lako linazama, au macho yangu?”

Wakaja wote wawili wakaangalia. Mkate umeketi! Zile springi za zamani za kubebea mikate zimelala kabisa kwa uzito wetu, paa limeshuka. Nahodha akatazama gari, akatazama kile chuma, akatazama gari. Akaingiza kichwa mlangoni akauliza, “Mko wangapi humu?” Mkunga akamjibu, “Tunatosha, au tuongeze?” Nahodha akasema bado kidogo. Ndipo mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni nusu ndani nusu nje kwa kuwakaribisha watu, nikaingia mzima mzima. Gari likashuka. Nakuapia, mdogo wangu! Maisha yote tunachekwa kwa miili hii, madukani wanatuambia saizi yetu imekwisha. Siku hiyo saizi yetu ndiyo iliyokuwa inahitajika!

“Hakuna anayeshuka!” nahodha akapaza sauti. “Hakuna anayekohoa! Binti, shika usukani!” Maswali akapanda mbele, maji yanamchuruzika, anacheka na kulia kwa pamoja. Akasogeza Mkate pole pole. Wote tumebana pumzi, jambo la kijinga, kwani pumzi haina uzito, lakini tulibana. Tukakisikia kile chuma kikisugua bati juu ya vichwa vyetu, krrr, kama mtu anachana nywele. Halafu kimya. Tumepita! Zile kelele zilizopigwa mle ndani, mzee wa mwavuli alisema sikio lake bovu limezibuka.

Sasa sikiliza hapa, ndipo penye utamu. Mvua haikuacha, basi hakuna aliyetoka. Tukavuka maji hivyo hivyo, tumebanana, nikachemsha chai kwa zamu kwa sababu vikombe ni vitatu. Watu waliokwisha kukaliana mapajani wana siri gani tena? Mkunga akaanza kusimulia mtoto aliyemzalisha ndani ya feri hiyo hiyo, anaitwa Gati mpaka leo. Mke wa seremala akasimulia alivyoletwa kisiwani akiwa bibi harusi, akakataa kushuka, feri ikarudi naye, akaja tena wiki iliyofuata kwa hiari yake na kitanda chake kichwani. Seremala akasema, “Si kwa hiari yako, ulikuwa umesahau ndala zako kwetu.” Akapigwa kofi la bega.

Maswali hakuuliza hata swali moja. Maswali wetu! Alikuwa ameketi kiti cha mbele, amewapa mgongo, anasikiliza. Nikamwona bega lake linavyotulia. Nikajua.

Kwenye kushuka, tena wote ndani, tena krrr. Na walipofika kwao hawakutuacha. Kisiwa kile ni kidogo, kina barabara moja inayoanzia gatini na kuishia shuleni, na hakina duka ila lile la muuza ndoo nyumbani kwake. Mkunga alituegesha uani kwake, akasema gari hili sasa ni la kisiwa. Kila asubuhi watoto walipita kunusa. Na watu wakawa wanakuja wenyewe, wanabisha hodi kwenye bati, wanaketi, wanasema, “Juzi sikumalizia.”

Na mimi, mdogo wangu, huko ndiko nilikomwona mwanangu kazini. Miaka yote najisifu mwandishi, mwandishi, sijawahi kumwona akiandika. Nilidhani ni kama kushona, ukishakata kitambaa unakwenda tu na mguu. Kumbe anafumua kuliko anavyoshona! Anaandika mstari, anausoma kwa midomo, anaufuta, anautaka tena. Anasahau chai mpaka inavaa ngozi. Mimi nilijifanya nimelala, jicho moja liko wazi, namtazama. Nikajiambia, kumbe nilikuwa najisifu kidogo mno.

Siku ya kurudi kisiwa kizima kilikuja gatini kutukandamiza. Wengine hawakuwa na safari, walipanda, wakatupitisha mlango wa feri, wakashuka na kutupungia. Mkunga alilia. Mimi sikulia, nilipatwa na mafua ya ghafla.

Maswali akaandika sura ile ya mwisho hapa hapa uani kwetu, mlango wa Mkate umefungwa, mzee amekataza mtu yeyote kugonga nyundo karakana nzima. Akaipeleka. Tukasubiri. Juzi juzi simu ikaita, ni mchapishaji mwenyewe. Amesema kitabu sasa kina moyo, na sura ile ya watu ndani ya gari ndiyo iliyomfanya apitilize kituo chake cha basi. Wakati huo mimi niko kwenye cherehani. Sare ya mtoto wa watu nimeitia mkono mahali pa shingo. Nimeiacha hivyo hivyo, naiweka kumbukumbu.

Sasa nakuja kwenye shida yangu kwako, na usiniambie una kazi.

Uzinduzi utafanyika ndani ya ua wa maktaba ya mji. Mchapishaji anataka Mkate wenyewe uwe pale katikati, Maswali asome akiwa amesimama mlangoni mwake, na watu wapokee vitabu kutoka kwenye rafu za mikate. Jambo zuri sana. Ila kuingia uani ni kupitia lango la zamani lenye tao. Safari hii mzee amekwenda kupima mwenyewe, bila mimi na bila kilemba. Amerudi kichwa chini. Hatupiti. Kwa kile kile kiasi!

Mzee akatoa grenda lake akasema atalikata paa alirudishe chini, ni kazi ya siku mbili. Maswali akasimama mbele ya gari, mikono ameipanua. Akasema, “Baba, paa hili ulilipandisha mama asimame wima. Halikatwi. Tutapita kama tulivyopita kule.” Mzee akaenda kuweka grenda mahali pake, akachukua muda mrefu kidogo kurudi.

Kwa hiyo tunahitaji watu. Mkunga anakuja, ameahidi kuja na dada zake, na anasema wao wamemzidi. Seremala na mkewe wanakuja, muuza ndoo anakuja kwa mashua. Lakini haiwezekani gari la mwanetu likakandamizwa na wageni huku mama yake mdogo wa damu yuko mbali anasoma barua! Njoo na mwili wako wote, mdogo wangu, usianze mambo yako ya kujinyima kula. Shemeji mwambie kukohoa ruhusa, ila tukiwa chini ya tao anyamaze. Na wewe nimekuwekea nafasi yako, juu ya kitanda kinachosalimu, karibu na mkunga. Mkiketi nyinyi wawili upande mmoja, mzee atalazimika kuweka jiwe upande wa pili.

Mimi kilemba changu cha zambarau nimekifua na kukipiga pasi. Nitakifunga asubuhi nzima, na kitaingia na mimi humo ndani, kimesimama.

Nisalimie shemeji, na wanangu, yule mrefu na yule wa hesabu. Msalimie na bibi wa ghorofa ya juu anayekushikia funguo. Mwambie yule kaka yetu Mnong’ono kwamba simu yangu bado inafanya kazi, naye anahesabiwa kwenye gari. Mzee anakusalimu, Maswali anakubusu mikono, na ananiambia nisikuandikie mambo mengi, nami sijamsikia.

Mungu awatunze njiani, awafungulie kila lango lililo chini, mtufikie wazima na wenye shibe.

Dada yako akupendaye kuliko anavyoweza kuandika, Mama wa Mwandishi, atakayekuwa amesimama langoni pa maktaba akitazama barabara mpaka akuone, Jumamosi ya tarehe 16 Agosti.